Makaa ya Mwisho ya Rajnhold

Watu wa Bytom, mji wa wachimba makaa, wakimwona msafisha dohani njiani hushika kifungo cha nguo zao, kwa kuwa wanaamini kinaleta bahati. Ewald Kandzia alikuwa amezipita njia hizo kwa miaka arobaini na miwili, katika nguo zake nyeusi zenye vifungo vya shaba, ngazi begani, kamba yenye tufe la chuma mkononi, na ni wachache sana waliomsabahi kabla mkono haujawaenda kifuani. Mwanzoni jambo hilo lilimchekesha. Alipofikisha miaka sitini alikuwa akiinamisha kichwa tu na kupita. Magoti yalimuuma. Kikohozi cha asubuhi kilikuwa kimemzoea, hakikusikia dawa wala asali. Bahati yote hiyo aliyowagawia watu, kama ilikuwepo, haikubaki naye hata chembe.

Hakuoa. Alikaa peke yake ghorofa ya tano katika jengo la saruji, na kila Jumapili baada ya Misa alikwenda kula kwa dada yake Truda, mtaa wa Szybowa, kwenye nyumba ndefu za matofali mekundu ambazo mgodi uliwajengea wachimbaji tangu enzi za babu zao. Mama yao alifariki Ewald akiwa na miaka tisa, na Truda, msichana wa miaka kumi na minane, ndiye aliyemwosha, akamfundisha kusali rozari, akampiga makofi alipotoroka shule. Truda alipoolewa na Rajnhold, mchimba makaa wa mgodi wa Otylia, alimwambia bwana harusi mbele ya watu, "Huyu mtoto anakuja na mimi kama mto wa kulalia. Ukinikubali, umemkubali." Rajnhold akamkubali. Ndiye aliyemtafutia kazi ya dohani, kwa sababu alisema chini ya ardhi anatosha yeye mmoja kwa ukoo mzima.

Kazi ya msafisha dohani, ukiiondolea vile vifungo, ni kitu kimoja tu: moshi utoke ndani ya nyumba. Ukishatoka unakwenda wapi, hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Alishusha tufe na brashi katika dohani, akayakwangua masizi, akayazoa kwa mlango mdogo wa chini, akamwambia mama mwenye nyumba, "Sasa inavuta." Kuvuta ndiko kila mtu alikokutaka. Upande wa ndani wa mlango wa banda lake la vifaa aliandika kwa penseli, kila mwaka, mtaa wa Szybowa umetoa ndoo ngapi za masizi. Mwaka 1988 zilikuwa thelathini na nane. Baadaye zikawa ishirini na tisa, ishirini na nne, zikakaa hapo hapo miaka mingi, kisha kumi na moja. Vuli hii ninayoisimulia zilikuwa tano. Hakuandika kwa sababu yoyote. Ni kwamba penseli ilikuwa inaning'inia pale kwa uzi.

Vuli hiyo ndipo serikali ilipotaka kila nyumba nchini iandikishwe: inapata joto kwa nini, jiko lake ni la aina gani, lina miaka mingapi. Katika ukumbi wa parokia aliletwa msichana wa halmashauri, Weronika Gajda, kuwaeleza watu wa mtaa. Baba Paroko alifungua kwa sala fupi, akakaa mstari wa mbele, akasinzia. Weronika akawasha mashine, na ukutani, pale ambapo kila Noeli huwekwa pango la Mtoto Yesu, ukatokea mstari. Ulianzia juu kabisa upande wa kushoto, mwaka 1988, ukaporomoka, kisha ukatembea karibu tambarare miaka mingi, ukipanda kidogo na kushuka kidogo, hadi mwisho wa kulia ulipoanza tena kuteremka.

"Hizi ni gesi joto zote zinazotoka nchini kwetu, mwaka kwa mwaka," alisema Weronika. "Moshi mnaouona kwa macho ni jambo moja, na unawaumiza vifua. Lakini kuna hewa ya ukaa, haionekani wala hainuki. Tani moja ya makaa ya mawe ikiungua, zinatoka tani mbili na zaidi za hewa hiyo, inapanda juu na kutanda kama blanketi. Kama mnavyoona, tumejitahidi kupunguza."

"Pale mwanzo, panapoporomoka," aliuliza mzee mmoja wa nyuma bila kusimama, "alijitahidi nani?"

"Yalikuwa mabadiliko ya uchumi."

"Mabadiliko ya uchumi ni mimi, binti yangu. Walinirudisha nyumbani mwaka tisini na mbili. Kumbe nilikuwa napunguza gesi, na mke wangu akaniita mvivu."

Watu walicheka, kicheko kile cha kifuani kinachoishia kwenye kikohozi. Bi Cecylia, jirani ya Truda wa mlango wa pili, akadakia, "Basi mwambie akuandikie cheti ukamwonyeshe."

Ewald hakucheka. Aliutazama ule mstari kama mtu anayetazama picha ya familia. Pale juu ulikuwa mwaka ambao dohani tatu za kiwanda cha chuma zilitoa moshi wa rangi tatu, na Truda aliyafua mapazia kila wiki. Mteremko ulikuwa ni kiwanda kufungwa, majirani akina Pytlik kuhamia Ujerumani wakiacha ufunguo mlangoni, wanaume kukaa madirishani saa nne asubuhi wakiwa na mito chini ya viwiko. Ile sehemu tambarare ilikuwa miaka ya Rajnhold, tani tatu za makaa kila mwaka kutoka mgodini, bure, haki ya mchimbaji, zinamwagwa mbele ya nyumba na kuingizwa stoo ya chini kwa sepetu. Na mwisho wa kulia, pale panapoteremka tena, ulikuwa mgodi wa Otylia kufungwa, na Rajnhold kulala na mitungi ya oksijeni. Hakuna mahali mstari uliposhuka ambapo Ewald hakumwona mtu aliyemjua akirudi nyumbani mapema.

Rajnhold alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minane kabla ya mkutano ule, mwezi wa Februari, Mungu amlaze mahali pema. Mapafu yalikuwa yamejaa vumbi.

Jumapili iliyofuata Truda aliweka mezani madonge ya viazi yenye kishimo katikati, akayamwagia mchuzi, akaongeza nyama na kabichi jekundu. Hakukaa. Alisimama ameegemea jiko la vigae, lile refu la kijani linalofika karibu na dari, lililowapasha joto tangu siku ya harusi.

"Wewe ndiye unayeandika mtaa huu?" aliuliza.

"Mimi, kwa wale wasiojiandikisha wenyewe. Wamenipa na kishikwambi."

"Wakija kwangu, yaani ukija kwangu, andika jiko limekufa. Andika natumia umeme."

"Dada, unalitumia. Umeliegemea sasa hivi."

"Nimeegemea tu. Wewe kula."

Ewald alikula. Alijua dada yake hajamaliza.

"Halmashauri inaingiza mabomba ya maji ya moto mtaa mzima," alisema. "Wakikuandika una jiko la makaa, wanakuunganisha bila kukudai. Utafungua tu, joto linakuja. Hutashuka ngazi na ndoo."

"Na makaa?"

"Makaa gani?"

"Makaa yake." Truda hakutaja jina, nyumbani mle lilikuwa halitajwi bila kuombewa. "Shehena ile ya mwisho, kabla mgodi haujaacha kuwapa wastaafu. Aliyaingiza mwenyewe. Anapiga sepetu tatu, anakaa juu ya ndoo kuvuta pumzi, anapiga tatu. Nilimwambia tumlipe kijana, akasema mwanaume anayelipia makaa yake kuingizwa ndani azikwe na sketi. Kutwa nzima, Ewald. Aliyapanga yale makubwa ukutani kama matofali. Sasa niwaachie watu wa halmashauri?"

"Hakuna anayekuja kuyachukua."

"Cecylia amesema watayachukua."

"Cecylia alisema pia Papa ataiacha Roma ahamie Częstochowa."

Truda hakucheka. Alikaa, akaweka mikono mezani, ile mikono mipana iliyomlea. "Mdogo wangu, nimekuomba nini maisha yangu yote? Niache niyamalize. Kila asubuhi napasha nyumba joto kwa kitu alichonipa yeye. Kikiisha hicho, hakuna kingine."

Ewald alikuwa mtu wa kweli katika kazi yake. Alipata kumnyima muhuri wa ukaguzi diwani mzima, kwa dohani iliyopasuka. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka, na mbele yake alikuwa amekaa mtu pekee duniani aliyewahi kumpiga makofi kwa upendo. Alichukua kishikwambi, akaandika: jiko halitumiki, joto la umeme. Moyoni alijisemea kwamba dohani ya dada yake ataisafisha mwenyewe, Jumamosi, bila karatasi, na kwamba dohani safi haijawahi kuua mtu.

Akaisafisha kweli. Aliteremsha brashi mara tatu pale penye kutosha mara moja, akaweka kioo chini, akaona mbingu. Ilikuwa inavuta.

Wafanyakazi wa mabomba walifika Szybowa katikati ya Novemba. Walichimba, wakatoboa, wakapita mlango kwa mlango kwa orodha yao. Kwa Truda walipita bila kugonga. Bi Cecylia aliwekewa vipasha joto viwili vyeupe, akavifunika vitambaa vya kufuma, akawa anawakaribisha watu waje kuvigusa.

Jumapili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, ambapo bendi ya wachimbaji bado hupiga alfajiri ijapokuwa mgodi wenyewe umeshajazwa saruji, Ewald alikuja kula akakuta mchuzi hauna chumvi. Mwanamke aliyepika mchuzi ule kwa miaka karibu hamsini hasahau chumvi, lakini labda leo amesahau. Kisha Truda alianza sala ya chakula, akafika katikati, akaanza tena.

"Unaumwa?"

"Kichwa tu. Kinanigonga tangu Jumatano. Nikitoka kwenda kanisani kinaacha, nikirudi kinaanza. Baba Paroko kanibariki, nafikiri ni upepo."

Ewald alimtazama. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya msichana aliyetoka kucheza thelujini. Msafisha dohani akiona mashavu ya namna ile ndani ya nyumba yenye moto haulizi tena. Alisimama, kiti kikaanguka, akafungua madirisha yote mawili, yale ya plastiki mapya yaliyobana kama mfuniko wa mtungi.

"Unanitolea joto nje!"

"Toka ukakae ngazini. Vaa koti."

"Ewald, chakula..."

"Ngazini, Truda."

Hakuwa amewahi kumwamuru. Labda ndiyo sababu alitii. Ewald alilifuata jiko. Kwanza alitazama tundu la hewa ukutani karibu na dari: lilikuwa limejazwa soksi nene ya sufu, ya kiume. Kisha akashika mkono wa kile kibamba cha chuma kinachofunga dohani nyuma ya jiko. Kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho. Akafungua kilango cha jiko. Ndani makaa yalikuwa bado mekundu.

Dohani ile aliyoipiga brashi mara tatu, iliyoonyesha mbingu, ilikuwa imezibwa kutoka chini na mwenye nyumba mwenyewe, na sumu yote ya makaa yale ilikuwa ikirudi chumbani polepole, bila moshi na bila harufu. Ewald alikivuta kibamba, akaichomoa soksi ukutani, akasubiri hewa ibadilike.

Baada ya robo saa alimfuata dada yake ngazini. Alikuwa amekaa na koti juu ya aproni, rozari mkononi. Bi Cecylia alikuwa amempelekea kahawa ya glasi, akasimama pembeni kusikiliza.

"Kibamba unakifunga saa ngapi?" aliuliza Ewald.

"Moto ukishashika."

"Ukishashika, au makaa yakishazima?"

"Ukishashika. Ukiacha wazi yanaungua mbiombio yanakwisha. Nikifunga, yanakaa hadi jioni." Alisema kama mtu anayetoa siri ya mapishi. "Naweka mapande saba kwa siku. Saba, kwa heshima ya huzuni saba za Mama Maria. Nimepiga hesabu, nikienda hivyo yatafika Pasaka ya mwaka wa tatu."

"Mapande saba," alisema Bi Cecylia. "Kwa jiko lile? Hilo ni kulinyonyesha, si kuliwasha."

"Bi Cecylia, tuache kidogo," alisema Ewald.

"Ninakaa kwangu," alijibu Bi Cecylia, na kweli alikuwa kwenye kizingiti chake, lakini akaingia ndani na kuacha mlango wazi kidogo.

Siku ya pili yake Ewald alileta kile kidude cheupe kinacholia hewa ikiwa na sumu, akakipigilia ukutani juu ya kitanda. Siku ya tatu alikikuta mezani, betri imetolewa.

"Kililia katikati ya rozari," alisema Truda. "Kinalia kama kuku. Nimeshindwa kusali."

"Kililia kwa sababu ulikuwa unakufa."

"Nilikuwa katika fumbo la nne."

Ewald alivua kofia. Alikuwa ametoka kwenye mapaa tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Alikaa kwenye kiti cha Rajnhold bila kukumbuka ni kiti cha nani, na alipokumbuka hakuinuka, kwa sababu hakuweza.

"Nisikilize," alisema. "Kuna njia mbili. Uchome kama alivyokuwa akichoma yeye, ndoo nzima, kibamba wazi, hadi yazime yenyewe. Ukifanya hivyo yataisha kabla ya Kwaresima. Au uendelee na mapande saba, na mimi nitakuja Jumapili moja nigonge na usifungue. Nimeshabeba watu wa namna hiyo, dada. Wanne. Mmoja alikuwa amekaa mezani na kijiko mkononi. Siwezi kukubeba wewe."

Truda alitazama pembeni. "Wewe huelewi. Hukuoa."

Hilo lilimwingia. Alikuwa ameambiwa na wengi, ila si na dada yake. Kupitia ukutani walisikia redio ya Bi Cecylia, kisha wakasikia inapunguzwa sauti.

"Sikuoa," alisema Ewald mwishoni. "Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kunyoa ndevu. Siku ya kumzika niliubeba msalaba mbele ya jeneza. Usiniambie sielewi. Na nimekuandikia uongo, Truda. Mara yangu ya kwanza. Wamekupita na bomba kwa ajili ya uongo wangu, na usiku silali."

"Nilikuomba mimi."

"Kalamu ilikuwa yangu."

Alikuwa amefika mahali ambapo mtu aliyechoka hana tena maneno ya kuchagua. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga, na alipolisema alishangaa kwamba halikumjia mapema.

"Unataka yasiishe. Si ndiyo? Huo ndio ugonjwa wako. Basi ukitaka yasiishe, usiyachome."

Truda aligeuka.

"Usiyachome kabisa," alisema Ewald. "Yaache pale alipoyapanga. Hakuna sheria inayokukataza kuwa na makaa. Ukiyachoma mapande saba yanaisha. Ukiyachoma ndoo yanaisha. Ukiyaacha, yapo."

"Makaa ni ya kuchoma," alisema Truda, lakini kwa sauti ya mtu anayekumbuka somo alilofundishwa utotoni, si ya mtu anayebisha. Kisha akasema, "Na baridi?"

"Baridi ina bomba."

"La wale wenye vitambaa vya kufuma juu."

"Lako unaweza kuliacha uchi."

Aliinuka akashuka stoo ya chini peke yake, polepole, akishika ukuta, na hakubeba ndoo. Ewald alimsubiri karibu nusu saa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na vidole vyeusi. Alinawa, akafungua kabati, akatoa mfuko mdogo wa nguo, akaanza kutia nguo za kulalia.

"Nitalala kwako hadi watakapoleta bomba," alisema. "Lakini ile chai yako ya vifurushi sinywi."

Jumatatu asubuhi Ewald alikwenda halmashauri. Alikuwa amevaa nguo za kazi, kwa kuwa alifikiri kama watamvua kazi basi wamvue akiwa nazo mwilini. Dirishani mwanamke mmoja alimwona akashika kifungo. Weronika Gajda alimkalisha, na Ewald akamwambia yote: jiko linatumika, liliandikwa halitumiki, aliyeandika ni yeye, mwenye jiko ni dada yake. Akaweka kishikwambi mezani na kitambulisho chake cha ufundi juu yake.

Weronika hakukigusa kitambulisho. Naye alionekana hajalala vizuri. "Bwana Kandzia, unajua Szybowa ni nyumba ngapi zimejiandikisha zenyewe kwamba zinatumia umeme?"

"Sijui."

"Kumi na saba. Na bili zao za umeme ni za taa moja na redio. Ninaletewa nambari hizi, nazijumlisha, nazipeleka Katowice, na Katowice wanazipeleka Warszawa. Huko mstari unashuka, wanafurahi. Mimi nikifungua dirisha jioni nanusa nini? Makaa." Alipapasa uso. "Wewe ndiye wa kwanza kuja mwenyewe."

"Mtanifukuza?"

"Nitakuandikia barua ya onyo. Lazima niiandike. Halafu nitarekebisha. Mafundi wanarudi Januari kumalizia nyumba za ngazi namba sita, nitamwingiza dada yako." Alianza kuandika, kisha akasita. "Ana makaa bado?"

"Tani moja na nusu hivi."

"Atayauza?"

"Hapana," alisema Ewald. "Yatakaa."

Msichana alimtazama kidogo, akaendelea kuandika. Huenda alifikiri mzee amechoka, na hakukosea. Ewald alipotoka nje alikuwa na barua ya onyo mfukoni na kitambulisho chake, na hakujua kama alifurahi kubaki nacho.

Wiki saba walikaa pamoja ghorofa ya tano, dada na mdogo wake, kama zamani, ila sasa kila mmoja alikuwa na dawa zake dirishani. Waligombana juu ya makombo ya mkate, juu ya saa ya kuzima taa, juu ya namna anavyokunja soksi. Kichwa cha Truda kiliacha kuuma siku ya tatu. Alisema ni kwa sababu ya novena. Ewald alisema na iwe novena. Noeli walikula uji wa mbegu za mpopi na mkate uliolowekwa maziwa, wakaweka sahani ya tatu kwa mgeni asiyetarajiwa kama ilivyo desturi, na Truda aliitazama sahani ile jioni nzima.

Mafundi walimuunganisha mwishoni mwa Januari. Ewald ndiye aliyelifunga jiko la kijani: alitoa majivu ya mwisho, akasukuma kibamba, akakiziba kwa udongo wa tanuri. Alikuwa ameziba majiko mengi miaka hiyo, na kila mara wenye nyumba walimpa keki au kinywaji kikali. Truda hakumpa kitu. Alisimama nyuma yake amekunja mikono, akasema, "Umeacha doa kwenye kigae cha pembeni," na alikuwa amesema kweli.

Joto lilikuja, sawasawa na la kwa Bi Cecylia, vuguvugu, lisilo na mlio wala harufu. Truda alisema ni joto la hospitali. Alisema halina mahali pa kuegemea. Wakati mwingine Ewald alimkuta amesimama ameegemea lile jiko baridi, mgongo wake umelizoea.

Jumamosi ndiyo siku ambayo wanawake wa Szybowa huenda makaburini na ndoo na brashi kuosha mawe ya watu wao. Truda alikwenda kwa Rajnhold kama kawaida, akaosha jiwe, akabadilisha maua, akasali. Kisha akirudi, kabla ya kupanda ngazi, alishuka stoo ya chini na ufagio. Alifagia vumbi pembeni mwa makaa. Alipangusa yale mapande makubwa ya mbele kwa kitambaa hadi yakang'aa, na yale yaliyoteleza aliyarudisha ukutani jinsi mumewe alivyoyapanga, mkono wake ukitafuta mahali mkono wa marehemu ulipoyaweka. Hakuna lililopungua. Yalikuwa yametoka chini ya ardhi, na kwa upande wake yalikuwa yamerudi chini ya ardhi.

Jumamosi moja ya Kwaresima Ewald alikuja mapema, akamsikia kule chini, akashuka kumsaidia ndoo. Alimkuta amepiga magoti, ameweka juu ya pande moja bapa ile taa ndogo nyekundu ya makaburini yenye mshumaa, na amekwisha kutoa kiberiti.

"Hapana, dada," alisema Ewald, akakaa kwenye ngazi kwa sababu magoti yalikuwa yanauma. "Sali tu. Mshumaa peleka kaburini."

"Nitausimamia mpaka uishe."

"Hapana."

Truda alifikiri kidogo, akarudisha kiberiti katika mfuko wa aproni. "Basi sogea," alisema, "unanizibia mwanga wa mlangoni," na akaanza Baba Yetu.